Wakala wa Kituoni: Mwongozo Kamili wa Kusimamia Kura za Mgombea Wako Kenya, Kuanzia Kiapo hadi Fomu 34A

Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa mshindi wa urais kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Tofauti ni kura 233,211. Zigawe kwa vituo 46,229 vya mwaka ule na utapata kura tano kwa kila kituo. Tena Katiba inamtaka mshindi avuke nusu ya kura, na Ruto aliivuka kwa kura kama 70,000, ambazo ukizigawa vivyo hivyo ni kura moja na nusu kwa kituo. Kura moja na nusu! Karani aliyesinzia saa nane za usiku na kuhamisha karatasi mbili kutoka rundo moja hadi jingine ameshapita kiwango hicho.

Anayekaa karibu na karani huyo ni wakala, mwakilishi wa chama au mgombea. Vyama hutumia mamilioni kwa mabango na helikopta, halafu kituoni hutuma kijana aliyepewa barua jana yake jioni, asiyejua anatafuta nini. Mwongozo huu ni wa kijana huyo, na wa yeyote anayefikiria kufanya kazi hiyo katika uchaguzi mkuu wa 10 Agosti 2027 au katika uchaguzi mdogo wowote kabla ya hapo. Kazi yote ya wakala inaishia kwenye karatasi moja: nakala ya Fomu 34A, fomu ya matokeo ya urais ya kituo, iliyojazwa sawasawa, mkononi mwako, kabla hujatoka kituoni. Mengine yote yanaelekea huko.

Kwa nini karatasi hiyo

Matokeo ya urais Kenya hupanda ngazi tatu. Kituoni msimamizi wa kituo hujaza Fomu 34A. Kwenye eneo bunge, msimamizi wa uchaguzi hujumlisha fomu zote za 34A na kujaza Fomu 34B. Nairobi, mwenyekiti wa IEBC, tume ya uchaguzi, hujaza 34C na kutangaza. Viti vingine vina fomu zao: mbunge 35, mwakilishi wadi 36, gavana 37, seneta 38 na mwakilishi wa kike 39. Herufi A daima ni ya kituoni.

Juni 2017 Mahakama ya Rufani iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, kwamba matokeo yaliyotangazwa kwenye eneo bunge ni ya mwisho na Nairobi haina ruhusa ya kuyabadilisha. Miezi miwili baadaye, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa urais. Moja ya hoja nzito ilikuwa fomu hizi: mshindi alitangazwa kabla tume haijapokea fomu zote za 34A, na baadhi ya fomu za matokeo hazikuwa na alama za usalama zilizotakiwa. Mwaka 2022 upepo ulivuma upande mwingine. Walalamishi walidai fomu zilichezewa zikiwa njiani kwenda kwenye tovuti ya tume. Fomu halisi zikalinganishwa na zile za tovutini, tofauti ya maana haikuonekana, na tarehe 5 Septemba ombi likatupwa.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Ghana ilikaa miezi kadhaa mwaka 2013 ikibishana mahakamani juu ya karatasi za waridi za matokeo ya vituoni, nyingine zikiwa hazina saini ya msimamizi. Malawi, uchaguzi wa Mei 2019 ulifutwa Februari 2020, na kilichobaki vinywani mwa watu ni wino mweupe wa kufutia uliopakwa juu ya tarakimu za fomu. Uchaguzi uliporudiwa mwezi Juni, Lazarus Chakwera akamshinda Peter Mutharika aliyekuwa rais.

Wiki chache kabla: barua, kiapo na namba ya kituo

Sheria inaruhusu chama kuwa na wakala mmoja kwa kila kituo kwa ajili ya wagombea wake wote. Mgombea huru huteua wake, na mgombea ambaye chama chake hakikuteua wakala anaweza kuteua wa kwake. Hakikisha una barua ya uteuzi yenye jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, herufi kwa herufi. Barua iliyoandikwa "Hassan" na kitambulisho kinachosema "Hasan" ni ugomvi wa nusu saa mlangoni, na nusu saa hiyo ndiyo masanduku yanafungwa.

Utakula kiapo cha usiri kabla ya kuruhusiwa kukaa kituoni. Usingoje alfajiri ya siku yenyewe. Ukifika na fomu ya kiapo iliyokwisha kutiwa saini, foleni ya mawakala haikuhusu.

Jua namba ya kituo chako hasa. Tangu 2017 kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule moja kubwa yaweza kuwa na vituo saba au nane, kila darasa na lake, wapiga kura wakigawanywa kwa alfabeti ya majina. Barua inayosema tu "Shule ya Msingi fulani" haitoshi. Uliza ni chumba cha ngapi kati ya vingapi, na kuna wapiga kura wangapi waliosajiliwa humo. Andika idadi hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako, utaihitaji usiku.

Wakala haruhusiwi kupiga kura pale alipopangiwa ikiwa hakusajiliwa hapo. Omba kupangwa kwenye kituo chako mwenyewe au chumba cha jirani. Ukipelekwa mbali, chagua mapema: kura yako au kazi. Nimeona watu wakitoroka saa tano mchana kwenda kupiga kura kata ya pili na kurudi saa tisa, na hakuna ajuaye kilichopita katikati.

Mfuko

Daftari lenye mistari, kalamu tatu, tochi, betri ya akiba ya simu, maji, chakula cha mchana na cha usiku, sweta. Chakula nakisisitiza. Pesa za mawakala huchelewa, hilo kila chama kinalijua na hakuna kinacholikiri, na wakala mwenye njaa saa nne usiku ni rahisi kumnunua kwa sahani ya wali. Nguo zisiwe na rangi wala picha ya chama.

Weka simu kimya. Hairuhusiwi kumpiga picha mpiga kura akiweka alama, wala karatasi yake. Simu itakufaa mwisho wa safari.

Alfajiri, kabla ya mlango kufunguliwa

Kura zinaanza saa kumi na mbili asubuhi. Wewe uwe ndani kabla ya saa kumi na moja na nusu, kwa sababu mambo manne hutokea hapo na hayarudiwi.

Kwanza, masanduku. Yako sita, yanaonekana ndani, na msimamizi ni lazima awaonyeshe mawakala kwamba ni matupu kabla ya kuyafunga kwa lakiri. Andika namba ya kila lakiri. Pili, vitabu vya karatasi za kura: namba ya kwanza na ya mwisho ya kila kitabu, kwa kila kiti. Mawakala wengi huandika za urais peke yake, na mgombea udiwani wao hushindwa kwa kura kumi na moja bila mtu kujua vitabu vyake vilikuwa vingapi. Tatu, mtambo wa KIEMS, ule wa kutambua wapiga kura: uwashwe mbele yenu na uonyeshe sufuri. Nne, shajara ya kituo, ile ambayo msimamizi huandikia kila tukio. Ifahamu mapema inakaa wapi, maana malalamiko yako yote ya siku yataingia humo au hayatakuwepo.

Mchana

Mpiga kura hutambuliwa kwa alama za vidole kwenye KIEMS, hupewa karatasi sita, huenda kibandani, hutumbukiza, hupakwa wino kidoleni. Kaa mahali unapoona mtambo na masanduku kwa pamoja. Kila anayetambuliwa, piga mstari mmoja daftarini. Wakifika watano, mstari wa tano uvuke minne ya kwanza. Kazi ya kuchosha, kweli, lakini jioni utakuwa na hesabu yako mwenyewe badala ya kuomba ya mtu.

Watu wawili wanahitaji macho zaidi. Wa kwanza ni yule ambaye vidole vyake havikutambuliwa: wakulima wa chai na mafundi wa mawe wenye vidole vilivyochakaa, wazee. Karani humtafuta kwa namba ya kitambulisho, na Fomu 32A hujazwa. Hilo ni halali. Unachofanya ni kuhesabu fomu hizo, ili usiku mtu asikuambie zilikuwa arobaini wakati uliona sita. Mtambo ukifa kabisa, tume yenyewe ndiyo huidhinisha daftari la karatasi, kama ilivyofanyika katika vituo kadhaa vya Kakamega na Makueni mwaka 2022. Msimamizi hawezi kujiamulia.

Wa pili ni mpiga kura anayehitaji msaada, asiyeona au asiyeweza kusoma. Anaweza kuja na mtu wake, ambaye hujaza Fomu 32 na haruhusiwi kumsaidia mtu mwingine siku hiyo. Mgombea na wakala hawaruhusiwi kusaidia. Asiyekuwa na mtu husaidiwa na msimamizi, mbele ya mawakala. Ukiona kijana mmoja ameingia na nyanya wa tatu sasa, simama umwambie msimamizi kwa upole: "Samahani, huyu amesaidia tayari, naomba iandikwe kwenye shajara." Usimfokee kijana wala nyanya. Wakala anayefoka anaweza kutolewa nje, na akitolewa kituo kinaendelea bila yeye, kwa sababu kutokuwepo kwa wakala hakubatilishi chochote.

Msisahau kupokezana chooni, ninyi mawakala wa vyama pinzani. Mnashangaa? Wakala wa upande wa pili anayeaminika ni rasilimali kubwa. Anataka fomu sahihi kama wewe, angalau mpaka hapo matokeo yatakapojulikana.

Saa kumi na moja jioni

Waliomo kwenye foleni saa kumi na moja watapiga kura, hata kama ni watu mia. Hakikisha mwisho wa foleni unajulikana, kwa kawaida askari husimama nyuma ya mtu wa mwisho. Kituo kilichochelewa kufunguliwa huongezewa muda.

Foleni ikiisha, usitoke kwenda kunyoosha miguu. Andika: karatasi zilizobaki bila kutumika kwa kila kiti, zilizoharibiwa na wapiga kura wakabadilishiwa, na idadi ya waliotambuliwa ambayo KIEMS inaonyesha. Linganisha na mistari yako.

Meza ya kuhesabia

Hapa ndipo uchaguzi ulipo. Kituo cha kupigia kura hugeuka kuwa kituo cha kuhesabia, chumba kile kile, na urais huhesabiwa kwanza. Sanduku hufunguliwa mbele yenu. Msimamizi huchukua karatasi moja moja, hutamka jina la aliyepigiwa, huwaonyesha mawakala, kisha huiweka kwenye rundo la mgombea huyo.

Haki yako ni kuona kila karatasi. Akienda kasi, mwombe apunguze. Akishika karatasi tano pamoja na kusoma juu juu, mwombe tena, na usione haya. Rundo la mgombea wako unalipenda, lakini macho yako yawe zaidi kwenye marundo ya wengine, maana kura yako iliyopotea haikai kwenye rundo lako.

Ubishi mkubwa huja kwenye kura zinazokataliwa. Karatasi hukataliwa ikiwa haina alama za usalama, ikiwa imewekwa alama kwa wagombea zaidi ya mmoja, ikiwa ina kitu cha kumtambulisha mpiga kura kama jina au saini, ikiwa namba yake si ya kituo hicho wala haiwezi kuthibitishwa kwenye kishina kinachobaki kitabuni, au ikiwa haina alama kabisa au haieleweki amemtaka nani. Lakini alama iliyowekwa pembeni ya kisanduku, au mahali pa tiki pakawekwa msalaba au dole gumba, haiiharibu karatasi ikiwa nia ya mpiga kura inaonekana wazi. Bibi aliyepiga msalaba juu ya picha ya mgombea wake, na hakugusa kwingine, amepiga kura.

Msimamizi akiikataa unayoamini ni halali, sema unapinga. Ataandika kwenye karatasi hiyo kwamba kukataliwa kwake kumepingwa, na fomu ina mstari wake kwa kura za namna hiyo. Upinge na pale msimamizi anapokubali karatasi mbovu ya mpinzani, na, ukiwa na moyo, usipinge akikataa karatasi mbovu ya kwako. Utaaminika zaidi saa saba usiku ukisema jambo zito.

Hesabu ikiisha na hukuridhika, una haki ya kudai irudiwe. Haizidi mara mbili. Itumie pale tu namba zinapogoma, kwa sababu bado kuna masanduku matano na watu wamechoka.

Hesabu za kufanya kabla ya saini

Tuseme kituo kina wapiga kura 612 waliosajiliwa. KIEMS inaonyesha 425 waliotambuliwa kwa vidole, na uliona Fomu 32A sita: jumla 431. Kura halali ni 424, zilizokataliwa 6. Jumla ya zilizomo sandukuni 430.

Angalia hivi. Kura za wagombea wote zikijumlishwa zifike 424 kamili. Halali na zilizokataliwa zisizidi 431. Zikipungua moja au mbili, kama hapa, si ajabu: mtu aliondoka na karatasi mfukoni, au aliitumbukiza kwenye sanduku la seneta, ndiyo maana viti sita vya kituo kimoja hupishana kwa kura chache. Zikizidi hata moja, simamisha kila kitu. Karatasi haiingii sandukuni bila mtu. Mwisho, karatasi zilizotolewa vitabuni (mwanzo kutoa zilizobaki na zilizoharibiwa) zilingane na idadi ya waliopiga.

Fanya hesabu hiyo kwenye daftari lako, si kwa kutazama ya msimamizi. Mtu anayefuata hesabu ya mwenziwe huona anachotarajia kuona.

Fomu

Sasa msimamizi anajaza Fomu 34A. Soma jina la kituo na namba yake kwanza, kabla ya kura. Fomu yenye tarakimu safi na namba ya kituo cha jirani ni balaa kubwa kuliko kosa la kura mbili. Kisha waliosajiliwa, kura za kila mgombea, jumla ya halali, zilizokataliwa, zilizopingwa. Tarakimu zinazochanganyika kwa mwandiko mbaya ni 1 na 7, na 4 iliyofungwa inayofanana na 9. Mwombe aandike upya kwa uwazi. Kosa likirekebishwa, likatwe kwa mstari na msimamizi atie saini pembeni, nanyi mshuhudie. Wino mweupe usiguse fomu hiyo.

Saini ikiwa kila kitu ni sawa. Ikiwa si sawa, usiondoke kwa hasira bila kusaini, kosa ambalo mawakala hulirudia kila uchaguzi wakidhani wameangusha matokeo. Kutokusaini peke yake hakubatilishi. Unatakiwa kuandika sababu zako, na sababu hizo ndizo zitakazosomwa baadaye. "Nakataa, wizi" haisaidii. "Jumla ya kura 438, waliotambuliwa 431, niliomba hesabu irudiwe nikakataliwa saa 3:40 usiku" inasaidia.

Kisha dai nakala yako. Ni haki ya kisheria, na nakala nyingine lazima ibandikwe mahali pa wazi kituoni. Piga picha zote mbili: iliyo mkononi mwako na iliyo ukutani. Msimamizi ataipiga picha fomu halisi kwa KIEMS na kuituma. Simama uone ni ipi iliyotumwa. Pasipokuwa na mtandao itabidi asafiri mpaka penye mtandao, na hapo ndipo wakala mmoja afuatane naye.

Masanduku hufungwa tena kwa lakiri mpya. Andika namba, na ukiwa na lakiri ya chama chako una ruhusa ya kuongeza.

Baada ya kituo

Tuma picha ya fomu na tarakimu kwa wakala mkuu wa eneo bunge. Tume ikiweka fomu mtandaoni, kama ilivyofanya tangu usiku wa 9 Agosti 2022, tafuta kituo chako ulinganishe tarakimu kwa tarakimu. Ni dakika mbili, na wachache mno huzifanya. Wakenya wa Dubai, Doha, Kampala na Dar es Salaam nao walikuwa na vituo vyao mwaka ule, kwa kura ya rais pekee, na fomu zao ni hizo hizo 34A.

Nakala halisi ikabidhi kwa wakala mkuu akitia saini kwamba ameipokea. Wewe baki na nakala nyingine na daftari. Ombi la kupinga urais hufunguliwa ndani ya siku 7 tangu kutangazwa na Mahakama ya Juu huamua ndani ya siku 14. Kwa viti vingine ni siku 28 za kufungua. Wakili akikupigia simu atataka hati ya kiapo yenye saa, namba za lakiri na maneno yaliyosemwa, na atayataka kesho yake asubuhi.